Mkono Uliopangusa Waridi

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa na kisa kimoja ninachokisimulia nikiombwa, na hata nisipoombwa. Ni kifupi. Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilifanya usafi katika karakana ya kuchapia picha hapa London, na mzee mmoja wa Kisikh, mzaliwa wa Kisumu, aliitumia mikono yangu kwa kazi yake kisha akajitwalia sifa zote. Kisa hiki kimezunguka Woolwich yote, mtaa ninakoishi. Nimekisimulia saluni nikisukwa, nimekisimulia jikoni kwenye harusi huku tukimenya vitunguu, nimekisimulia katika chumba cha mapumziko cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na kila mara wasikilizaji wamenisikitikia kwa kiasi kile kile nilichokitarajia. Watu hupenda kisa chenye mwizi. Mwezi uliopita mwizi wangu alifariki. Aliyenipigia simu ni mjane wake, Mama Amrit, ambaye sikuwa nimesikia sauti yake tangu mwaka ule, na aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kisumu, "Kheri, mzee ametuacha. Kuja Jumamosi, nyumba ni ile ile." Sikumuuliza namba yangu aliipata wapi. Nilikata simu nikaendelea kupanga vidonge vya wazee wangu kwenye vikasha vyao, Jumatatu mpaka Jumapili, na sikukosea hata kimoja.

Lakini katika siku nne zilizobaki kabla ya Jumamosi niliukumbuka mwaka ule upya, polepole, bila mtu wa kunisikitikia, na nikagundua kwamba kisa changu kilikuwa na tundu. Basi nitausimulia hapa kama ulivyokuwa. Karakana ilikuwa Deptford, chini ya njia ya reli, katika mojawapo ya yale matao ya matofali, na kila treni ilipopita juu yetu vikombe vilisogea kidogo kwenye rafu. Palikuwa na chumba kimoja kirefu. Mlangoni kulikuwa na beseni kubwa la kulowekea karatasi, katikati mashine ya kuchapia yenye gurudumu la chuma lililonizidi kimo, na mwisho kabisa jiko dogo lenye sinki lililokuwa na madoa ya wino ambayo nilipigana nayo mwaka mzima na yakanishinda. Pote palinuka mafuta ya kitani na spiriti. Kazi yangu ilikuwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi, kusugua sakafu, kufua vitambaa, kuchemsha maji, na kuondoka saa tatu, kabla mwenye karakana, Bwana Colin, hajawasili na wachapaji wake wengine wawili. Bwana Colin na mimi tulikutana mlangoni tu. Kwa miezi mitatu ya kwanza nadhani angeulizwa rangi ya macho yangu angesema hajui kama ninayo.

Mzee Gurdev, ndiye huyo wa Kisumu, ndiye aliyewahi kufika, saa kumi na mbili na nusu, akiwa na kilemba cha buluu iliyoiva na kopo lake la chakula la ghorofa tatu. Alikuwa mchapaji mkuu pale, na wasanii wakubwa walikuwa wakiulizia siku zake za kazi kabla ya kupanga zao. Asubuhi moja nilikuwa naigombeza ndoo, maana ilikuwa inavuja, na nilikuwa naigombeza kwa lugha yangu kwa sababu niliamini nilikuwa peke yangu duniani. Nikamsikia mtu nyuma yangu anasema, "Wachana na hiyo ndoo. Hiyo ni mzee kuliko mimi." Niligeuka nikamkuta anafungua vifungo vya koti wala hacheki. Tangu siku hiyo tulizungumza Kiswahili kila asubuhi. Chake hakikujali ngeli, changu cha Tanga kilizijali mno, na alipenda kunitania kwamba ninaongea kama mtu anayesoma barua kutoka serikalini. Saa mbili tulikula pamoja jikoni. Yeye alinipa mkate wake wa paratha na achari ya embe, mimi nilimpa kiporo changu cha wali na maharage ya nazi, na aliyefurahia mabadilishano hayo zaidi ni yeye, kwa sababu alisema mke wake hutia pilipili hata kwenye huzuni. Jumapili moja alinialika kwao Southall, nikamjua mke wake na binti yao.

Mwezi wa Januari ilikuja kazi ya msanii ambaye jina lake sitalitaja. Wanaojua mambo hayo watamkisia, na asiyejua, jina halitamsaidia. Alikuwa mmoja wa wale Waingereza waliopata umaarufu kwa kuchora vitu ambavyo hakuna aliyedhani vinachoreka, makopo ya dukani, peremende, chupa za rangi ya kucha, na picha zake ziliishia kwenye fulana na vibati vya biskuti. Safari hii alichora jeli. Ni ile jeli ya watoto, kitu kitamu cha kuliwa kinachotikisika, ya rangi ya waridi, iliyopinduliwa kwenye sahani yenye mstari wa buluu, basi, hakuna kingine. Mimi nilikuwa sijawahi kuila jeli, na nilipoiona picha mara ya kwanza nilidhani ni kofia. Mzee Gurdev na mimi tulimwita msanii huyo Bwana Jeli, ili tuweze kumsema akiwa amesimama pale pale. Toleo lingekuwa la nakala sitini tu, zikishatoka hizo, mabamba ya shaba ya kuchapia yanakwaruzwa kwa msumari ili asipatikane mtu wa kuchapa ya sitini na moja.

Lazima nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyotugombanisha. Bamba la shaba huliwa na asidi mpaka likawa na mistari na vishimo vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho. Unalipaka wino lote, kisha unaanza kuuondoa, kwanza kwa kitambaa chepesi kilichokakamaa kwa wanga, mfano wa chandarua, halafu kwa kiganja kitupu kilichopitishwa kwenye chaki. Wino uliobaki kwenye vishimo ndio picha. Ukipangusa mno picha inakufa, ukipangusa kidogo inakuwa tope. Picha ya jeli ilikuwa na mabamba manne, la manjano, la waridi, la buluu na jeusi, na karatasi mbichi ilipitishwa kwenye mashine mara nne, bamba baada ya bamba. Matatu hayakuwa na shida. Shida ilikuwa la waridi, kwa sababu ndilo lililotakiwa kuifanya jeli ionekane kama ukiigusa meza nayo itatikisika. Na shida ya pili, ambayo niliijua mimi peke yangu pale karakana, ni kwamba kifundo cha mkono wa kulia wa Mzee Gurdev kilikuwa kimeshikwa na baridi yabisi. Kiganja chake kilipita juu ya shaba kikiwa kizito. Alikuwa akikanda mkono kwenye maji ya moto ya chai yangu kabla wenzake hawajafika, na mbele yao alijidai anapenda tu kufanya kazi ngumu alfajiri, wakati wino ukiwa na baridi na akili ikiwa safi.

Alianza kunifundisha mwezi wa Februari, kwa maneno machache. "Usisukume. Mkono yako ipite tu juu, kama unapangusa uso ya mtoto amelala." Nilikuwa na mkono mwepesi, hilo nalisema bila haya, sikuwa na jambo jingine la kujivunia mwaka ule. Kila asubuhi nilipangusa bamba la waridi, yeye akazungusha gurudumu, tukatoa nakala moja ya majaribio, na kila Bwana Jeli alipokuja kutazama alisema hapana. Moja alisema ni sabuni. Nyingine alisema ni jeli aliyotengenezewa mfungwa. Nilikuwa nawasikia nikiwa jikoni ninasuuza vikombe, ingawa saa zangu zilikuwa zimekwisha, maana nilianza kubaki. Hakuna aliyenilipa kwa kubaki, na sikutaka. Nilitaka kusikia watasema nini juu ya kazi yangu bila kujua ni yangu, na waliposema ni sabuni nilikasirika siku nzima.

Wakati huo nilipanga chumba Woolwich, juu ya duka la mabegi sokoni, na msichana wa Unguja aliyeitwa Rukia. Mwezi wa Machi Rukia aliolewa. Jumapili mchana chumba chetu kilijaa wanawake, sinia la biriani likawekwa juu ya kitanda changu, na shangazi yake aliyetoka nyumbani akatupaka hina sote, bibi harusi na sisi tuliokuwa tukimsindikiza. Ilipokauka na kubanduliwa alitusugua viganja kwa mafuta ya karafuu ili rangi iive, kama wafanyavyo kwao na kwetu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya jambo kikamilifu alinipa kichupa nijisugue tena kabla ya kulala na tena nikiamka. Nilifanya hivyo. Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu niliingia karakana nikiwa na mikono ya rangi ya damu ya mzee inayonuka kama sufuria ya pilau, na sikufikiri lolote.

Siku hiyo Bwana Jeli alikuwa anakuja saa sita, na Bwana Colin alikuwa amesema hiyo ndiyo nakala ya mwisho ya majaribio, ikishindikana kazi inapelekwa karakana nyingine. Mkono wa Mzee Gurdev ulikuwa mbaya, hata kikombe alikishika kwa wa kushoto. Nilipangusa. Niliona wino unateleza kuliko kawaida, unaondoka kwa urahisi pembeni na kuganda taratibu katikati, nikadhani ni hali ya hewa. Tuliinua karatasi. Jeli ilikuwa imesimama pale, nene chini, nyepesi juu, na ukingoni mwake waridi ilififia bila kuonyesha mahali ilipoishia. Mzee Gurdev aliinusa karatasi. Kisha akaushika mkono wangu akaunusa nao. "Karafuu," akasema, na akaenda kunawa.

Bwana Jeli alipofika aliiangalia muda mrefu, halafu akainama na kuandika kwa penseli chini ya picha kwamba hii ndiyo. Kwa desturi ya kazi ile, karatasi iliyoandikwa hivyo inakuwa sheria. Inatundikwa ukutani, na kila nakala inayofuata lazima ifanane nayo, isiyofanana inachanwa. Ndivyo mafuta ya harusi ya Rukia yalivyogeuka kuwa kipimo cha picha ya mtu mashuhuri, na ikawa hatuna njia ila kuyarudia mara sitini. Tulijaribu bila mafuta, haikuwa. Mzee Gurdev alimtuma mke wake kwenye maduka ya Southall, na kila wiki alikuja na kichupa kwenye ghorofa ya chini ya kopo la chakula, chini ya paratha. Nilijisugua viganja, nikajipaka chaki, nikapangusa. Tulitoa nakala tatu kwa asubuhi, siku nyingine nne. Zilikawia kukauka kwa sababu ya mafuta hayo, na wachapaji wengine walilalamika kwamba Gurdev amejaza rafu zote, naye aliwaambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba kitu kizuri hakikimbizwi. Nilikuwa na furaha. Nataka niliandike hilo wazi, kwa kuwa katika kisa ninachokisimulia watu hulikosa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kwa kazi ya mikono yangu, wala kabla wala baadaye.

Aprili nilisikia maneno ambayo hayakukusudiwa masikio yangu. Bwana Colin alikuwa kwenye simu katika kiofisi chake cha mbao pembeni, mlango uko wazi, anamwambia mtu kwamba baada ya toleo la jeli atamwajiri mchapaji mwanafunzi, mtu wa kujifunza kwa Gurdev kabla Gurdev hajastaafu, na kwamba shida yake ni kupata mtu mwenye mikono, vyeti havimsumbui. Nilisimama na ufagio mpaka akakata simu. Kesho yake nilimweleza Mzee Gurdev jikoni. Alitafuna, akameza, akasema, "Siku ya sahihi nitakuita. Bwana Jeli atakuwa hapo, Colin atakuwa hapo. Wewe uwe hapo." Nikamwuliza atasema nini. Akasema, "Wewe kuja tu." Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiwa tayari mchapaji. Niliona atanisimamisha mbele yao kama mjomba anavyomsimamisha mpwa wake, atanitaja jina, atanisifu, nami nitatazama chini na kusema ni yeye aliyenifundisha. Mambo yote mawili yangekuwa kweli, na kila mtu angekuwa na adabu yake.

Siku ya sahihi ilikuwa mwishoni mwa Mei. Nakala sitini zilipangwa kwenye meza ndefu, na Bwana Jeli akapita nazo moja moja, namba kushoto, jina lake kulia, kwa penseli iliyochongwa na Bwana Colin kila baada ya nakala kumi. Nilikuwa nimevaa gauni langu la harusi ya Rukia chini ya koti la usafi. Baada ya nakala ya sitini iko moja isiyo na namba, na hiyo kwa desturi ni ya mchapaji, msanii huandika juu yake jina la aliyeichapa. Bwana Jeli aliishika penseli, akainua macho, akasema kwamba anaujua mkono wa Gurdev kwa miaka kumi na mitano na haujawahi kupangusa hivi, kwa hiyo angependa kuambiwa hii waridi ni kazi ya nani. Hakuuliza kwa ubaya. Bwana Colin alicheka akasema ni ya Gurdev, ya nani mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na sinki na sinia la chai. Mzee Gurdev alinigeukia, akanitazama usoni mbele ya watu wote, akasema kwa Kiswahili, "Kheri. Sema."

Neno hilo ndilo nililoliacha nje ya kisa changu miaka yote hii. Woolwich nzima hawalijui. Alisema sema, akangoja, na Waingereza wawili wakangoja pamoja naye bila kujua wanangoja nini. Nami nilikuwa naungoja mdomo wake ufunguke tena. Nilikolelewa mimi, mdogo hajitaji mbele ya mkubwa wake. Mkubwa ndiye anayekutaja, na ukijitaja mwenyewe hata ukweli wako unakuwa ni majivuno. Nilidhani ananijaribu adabu, au anatafuta maneno, au anataka nimtaje yeye kwanza ndipo anijibu kwa kunitaja mimi. Nikasema kwa Kiingereza, nikiangalia vikombe, kwamba ni Bwana Gurdev. Treni ikapita juu. Bwana Jeli aliinama akaandika, na Mzee Gurdev akaendelea kunitazama mpaka jina lilipokwisha. Kisha akaichukua nakala ile kwa mikono miwili akasema asante.

Walipoondoka nilimngoja aseme kitu. Alikuwa anaviringisha picha yake kwenye karatasi laini. "Umekataa mwenyewe," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa, jambo ambalo liliniudhi zaidi ya kitu chochote, maana niliona mwenye haki ya kuumia ni mimi. Nilivaa koti nikaondoka, na kesho yake nilirudi kusugua sakafu, na kesho kutwa pia, lakini chakula nilikula peke yangu kituoni. Alijaribu mara mbili kuacha paratha kwenye sahani yangu, na mara mbili niliikuta ikiwa imekauka pale pale. Agosti mkono wake ulimshinda kabisa akastaafu. Bwana Colin aliajiri kijana aliyetoka chuo cha sanaa, mpole, aliyenisalimia kwa jina. Nilifanya kazi mpaka Desemba nikajiandikisha kwa wakala wa wahudumu wa wazee, na huko nipo hadi leo. Kisa changu nilianza kukisimulia Krismasi ile ile, na kilikuwa kimeshakamilika, hakikuhitaji kurekebishwa hata neno.

Jumamosi nilipanda treni ya Elizabeth line hapa Woolwich nikashuka Southall bila kubadilisha, jambo ambalo enzi zetu lingekuchukua nusu siku na mabasi matatu. Nyumba ilikuwa imejaa. Viatu vilianzia kwenye ngazi ya nje, nami nilijifunga mtandio kichwani kabla sijabisha. Aliyenifungulia ni mwanamke wa makamo, binti yao Amrit, ambaye nilimwacha akiwa kwenye sare ya shule. Alinitazama kidogo tu, akauliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye Auntie Kheri, kisha akageuka kuelekea ndani akawatangazia watu kwamba amefika, yule auntie wa jeli. Na watu walinijua. Wazee wa kiume walionyanyua vichwa sebuleni walinijua. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa sakafuni kwenye shuka jeupe aliushika mkono wangu, akaufunua kiganja, akamwonyesha mwenzake. Picha ilikuwa ukutani juu ya televisheni, na chini yake penseli imeandika jina la Gurdev, limefifia lakini linasomeka. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoikumbuka, na hilo lilinichoma.

Mama Amrit alinichukua jikoni, akafunga mlango. Amekonda, na anatembea kwa kushika meza. Alinimiminia chai iliyopikwa na maziwa, akakaa. "Kila mtu akiingia hii nyumba alikuwa anapelekwa kwa hiyo picha," akasema. "Fundi wa bomba, daktari, wachumba wa Amrit, wote. Anawaambia, hii jina ni yangu lakini kazi si yangu. Hii ni ya msichana wa Tanga, mimi nilikuwa nazungusha gurudumu tu. Anawaambia mambo ya karafuu. Mimi nilikuwa namwambia, Gurdev, unachosha watu." Nikamwuliza kwa nini basi hakusema siku ile. Swali lilinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. Alinishangaa. "Angesemaje? Baba yake alikuwa fundi wa reli, kaka zake wote mafundi. Kwao mtu anasema kazi yake kwa mdomo yake mwenyewe. Mwingine akikusemea ni kama wewe ni mtoto, ama kazi umeiba. Alikupa nafasi mbele ya wakubwa, ukamtupia yeye. Alirudi hapa analia. Alisema, nimemfundisha mkono, sikumfundisha mdomo."

Nilikunywa chai. Mama Amrit aliendelea kwa utulivu. Miezi yake ya mwisho, akasema, Mzee Gurdev alihudumiwa na dada mmoja Mkongo anayeishi Woolwich, mtu wa kanisa, mwenye moyo mzuri. Siku ya pili tu alipelekwa kwenye picha. Alipokwisha kusimuliwa alisema, mbona hiki kisa nakijua, auntie wa Tanga nafahamiana naye, kwetu kila mtu amekisikia kutoka kwake. Yeye ndiye aliyempa Mama Amrit namba yangu. "Alifurahi sana, Kheri. Sijaona anafurahi hivyo tangu augue. Alisema, kumbe na yeye anasimulia. Kumbe hakukasirika. Tukataka kukupigia siku ile ile, akasema ngoja nipate nguvu kidogo, nataka nikiongea na yeye niwe nimekaa."

Mlangoni mtu alibisha akiuliza sukari, Mama Amrit akamjibu kwa Kipunjabi, na mtu yule akaondoka. Kisha alivuta kiti karibu na changu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa na hamu, uso wa mtu aliyekaa siku nyingi na wageni na sasa amepata wa kuzungumza naye. "Yule dada hakutuambia vizuri," akasema. "Alisema tu anakijua. Sasa wewe niambie. Kwako huko, ulikuwa unasema nini juu ya mzee?"

Ningeweza kusema uongo. Nimeshakaa kando ya vitanda vingi, najua kuwapa watu maneno wanayoyahitaji, na hainichukui bidii. Lakini nilikuwa nimeshaupa mdomo wangu nafasi ya kukwepa mara moja, siku ile ya sahihi.

"Nilisema alikuwa mwizi," nikamwambia. "Nilisema aliiba kazi yangu."

Hakulia, wala hakuniambia niondoke. Alikiweka kikombe chake mezani, akarekebisha shela yake kichwani kwa mikono yote miwili, akanitazama.

"Uliambia watu wengi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni wengi.